Kufundisha Hifadhi za Kompyuta: Somo Tulilolipata kwa Gharama

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna tunavyofundisha aina za hifadhi za kompyuta, na jinsi ya kuchagua ile inayofaa kwa kazi iliyopo. Yafaa tuungame tangu mwanzo kwamba somo hili hatukulipata vitabuni. Vitabu tulikuwa navyo, na ufafanuzi uliomo tuliukariri. Hata hivyo wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tulivunjika. Twaeleza kisa chetu si kwa kujivunia, bali ili mwalimu mtarajiwa asije akapita njia ile ile.

Yaliyotupata

Mwaka 2013 tulikabidhiwa kazi ya taaluma katika shule moja ya msingi. Shule ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza, nasi tulikuwa tumetoka katika mafunzo mafupi, tumejaa ari. Kwa muda wa miezi miwili tulibaki ofisini kila jioni, tukiingiza alama za wanafunzi wote za miaka 3 iliyopita. Kwa kuwa kompyuta ile ilitumiwa na watu wengi, tuliona ni salama zaidi kuziweka alama zote katika flashi moja ndogo, tukaivaa shingoni pamoja na funguo za kabati. Madaftari ya zamani tukayatoa kabatini ili kupisha vitabu vipya. Mengine yalikwenda kuwashia moto jikoni, mengine yakafungia maandazi.

Mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alitutazama akatikisa kichwa. "Mwalimu," alisema, "hicho kidude kikitumbukia kisimani, alama tutamwuliza nani?" Tulicheka. Tulimwona kuwa mtu wa zama zilizopita. Yeye akachukua daftari lake la Hisabati, akalitia mkobani, akaenda zake.

Mwezi wa Novemba tulipeleka flashi dukani ili kuchapisha ripoti za wanafunzi. Kompyuta ya pale ilipoipokea, ilionyesha maneno kwamba kifaa hakisomeki, ikatuuliza kama tunataka kukifomati. Kulikuwa na foleni nyuma yetu, na mwenye duka alikuwa na haraka. Tulibonyeza kukubali. Flashi ikafunguka, safi, tupu. Leo twajua kwamba hata hapo tungaliweza kusimama, tusiandike kitu kingine chochote juu yake, na kumtafuta fundi, kwani aghalabu kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu na kuyaacha mafaili yenyewe mahali pake. Lakini kwa hofu na kutojua tulianza kuingiza upya majina ya darasa la saba katika flashi ile ile, na yale maandishi mapya yakakalia ya zamani.

Januari iliyofuata alikuja mama mmoja na binti yake, mwanafunzi wa darasa la tano. Baba mtu alikuwa amefariki, nao walikuwa wakihamia mkoa mwingine kwa ndugu. "Shikamoo mwalimu," alisema yule mtoto, kisha akanyamaza. Mama akaeleza kwamba shule ya huko inataka maendeleo ya mtoto ya miaka iliyopita. Sisi tulimjua binti yule. Tulijua kwamba hajawahi kuwa chini ya nafasi ya nne darasani. Lakini kujua kwetu hakukuwa na karatasi. Tulimwendea yule mwalimu mzee, akafungua mkoba wake, na kutoka katika daftari lake tukapata alama za Hisabati. Masomo mengine hayakuwapo. Tuliandika barua ya kueleza, lakini barua ya sifa si alama.

Huko alikokwenda walimpa mtihani katika wiki yake ya kwanza, akiwa bado na msiba moyoni. Hakufanya vizuri, akarudishwa darasa la nne. Mama yake alitupa habari hiyo kwa barua, bila neno la lawama, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Tangu siku hiyo, tunapoingia darasani kufundisha hifadhi za kompyuta, hatufundishi majina ya vifaa. Tunafundisha kutunza amana.

Ubao na daftari

Kosa la kwanza la mwalimu mgeni ni kuanza na ufafanuzi. Akiandika ubaoni kwamba hifadhi ya pili ni kifaa kinachotunza data hata umeme ukikatika, wanafunzi watanakili, watakariri, na mtihani wataujibu. Lakini ukiwauliza kwa nini kompyuta iwe na kumbukumbu mbili, watatazamana.

Sisi huanza na ubao wenyewe. Tunaandika hesabu, tunaikokotoa pamoja na darasa, tunapata jibu. Kisha, bila kusema neno, tunachukua kifutio na kufuta ubao wote. Hapo tunauliza: nani anayo hesabu ile? Walionakili wanainua madaftari. Ambao hawakunakili wanabaki mikono mitupu, hata kama walishiriki kuikokotoa.

Basi hapo somo limekwisha kueleweka nusu. Ubao ni kumbukumbu ya ndani ya kompyuta: ni mwepesi, uko mbele ya macho, na kazi yote hufanyika juu yake, lakini kengele ikilia hufutwa. Daftari ni hifadhi ya pili: hufunguliwa polepole zaidi, lakini kilichomo chabaki hadi kesho na kesho kutwa. Umeme ukikatika kabla kazi haijahifadhiwa, ni sawa na ubao uliofutwa kabla ya kunakili. Mtoto aliyeona kifutio kikipita hasahau.

Aina za hifadhi na asili zake

Baada ya hapo twaweza kutaja vifaa. Twashauri visipangwe kwa majina ya madukani, bali kwa jinsi kila kimoja kinavyoweka alama. Zipo njia tatu kubwa: sumaku, mwanga na umeme.

Kabla ya hizo palikuwa na kadi za matundu. Herman Hollerith alizitumia kuhesabia watu katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Tundu lilikuwa na maana, na mahali pasipo tundu pana maana nyingine. Mwonyeshe mwanafunzi kipande cha karatasi ngumu chenye matundu, naye ataona kwamba data si kitu cha ajabu. Ni alama ya ndiyo au siyo iliyowekwa mahali panapojulikana.

Njia ya sumaku ilianza na kanda. Kompyuta iitwayo UNIVAC, iliyokabidhiwa kwa Idara ya Sensa ya Marekani mwaka 1951, ilitumia kanda za sumaku. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya RAMAC, iliyokuwa na diski ngumu ya kwanza kuuzwa. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, ikabeba herufi milioni 5 hivi, na uzito wake ulikuwa kama tani moja. Diski laini, au flopi, zilianza kuuzwa mwaka 1971. Ile ndogo ya inchi 3.5, ambayo wengi waliijua, ilibeba megabaiti 1.44, na kampuni ya Sony iliacha kuziuza mwaka 2011. Diski ngumu ya leo ni mtoto wa RAMAC. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ndiyo sababu haipendi kudondoshwa wala kugongwa ikiwa kazini.

Njia ya mwanga ni ya sidii. Miale ya leza humulika vidoa vidogo vilivyo juu ya sahani, na jinsi mwanga unavyorudi ndivyo kompyuta inavyosoma. Sidii hubeba megabaiti 700 hivi, na dividii ya kawaida gigabaiti 4.7. Haiathiriwi na sumaku wala haiingiliwi na virusi ikiisha kufungwa, lakini mikwaruzo na jua huiharibu. Kompyuta nyingi za siku hizi huuzwa bila tundu la kuipokea.

Njia ya umeme ni ya flashi. Mjapani Fujio Masuoka, akiwa katika kampuni ya Toshiba, aliieleza hadharani mwaka 1984. Jina lake latokana na mmweko wa kamera, kwa kuwa data hufutwa kwa mkupuo. Ndani yake hamna kinachozunguka. Mna vyumba vidogo sana vinavyoshika chaji ya umeme. Flashi za mfukoni zilipoanza kuuzwa mwaka 2000, zilibeba megabaiti 8 tu. Kadi za simu, na diski zile ambazo wauzaji huziita SSD, ni za ukoo huo huo. Hazina kichwa cha kugongana na sahani, kwa hiyo huvumilia mtikisiko, na wepesi wake ni mkubwa. Lakini kila chumba huchoka baada ya kuandikwa mara nyingi, na kifaa kikiachwa miaka mingi bila umeme, hasa mahali pa joto, chaji yaweza kuvuja na maandishi yakapotea.

Na lile liitwalo wingu je? Wanafunzi hudhani ni kitu kilichoko angani. Yafaa waambiwe wazi kwamba wingu ni diski za mtu mwingine, zilizo katika jengo la mbali, nasi tunazifikia kwa intaneti. Si njia ya nne ya kuweka alama. Ni namna ya kupanga ghala kwa jirani.

Mchezo wa foleni, duara na madawati

Tofauti ya wepesi ni vigumu kuieleza kwa maneno. Sisi huifundisha kwa mchezo, na zana zake ni kadi 10 za karatasi na saa moja ya mkononi.

Kwanza, wanafunzi 10 wanasimama mstari mmoja, kila mmoja na kadi yenye namba. Mjumbe anatumwa kuleta kadi ya 8. Sharti ni kwamba lazima asimame mbele ya kila mtu na kusoma namba yake kabla ya kwenda kwa wa pili. Hiyo ni kanda. Aliyewahi kutafuta wimbo katikati ya kaseti anaelewa mara moja.

Pili, wanafunzi wale wale wanatembea kwa duara. Mjumbe anasimama mahali pamoja na kungoja kadi ya 8 impitie. Hiyo ni diski ngumu. Wakati mwingine kadi inafika upesi, wakati mwingine anangoja karibu mzunguko mzima.

Tatu, wanafunzi wanaketi. Mwalimu anaita, "Safu ya 2, dawati la 4," na mwenye kadi anainuka papo hapo. Hakuna anayetembea. Hiyo ni flashi.

Kiranja wa darasa anapima muda wa kila mchezo na kuuandika ubaoni. Hitimisho wanalitoa wenyewe, na mwalimu hana haja ya kulisema.

Siku moja mwanafunzi alituuliza: "Mwalimu, ikiwa madawati ni mepesi hivyo, foleni ya nini tena?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya mwaka ule. Tulimjibu kwamba kanda haijafa. Kanda ya aina ya LTO-9, iliyotolewa mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Hukaa rafuni bila kula umeme, na bei ya kuhifadhi kiasi kikubwa juu yake ni ndogo. Taasisi kubwa huitumia kwa mambo yanayoguswa mara chache, kama mkulima anavyoweka mbegu darini. Hakuna anayeweka mbegu mfukoni, na hakuna anayeweka nauli darini.

Maswali matano ya kuchagua

Hapo ndipo darasa linapokuwa tayari kwa suala la kuchagua. Twawapa wanafunzi maswali matano, nao huyajibu kwa kila kazi.

(a) Kitu chenyewe ni kikubwa kiasi gani? Hapa hesabu ni muhimu. Chukua shule ya wanafunzi 700, na kila mmoja aandikiwe herufi 100 za jina na alama. Jumla ni herufi 70,000. Flopi moja ya kale ingebeba rekodi kama hizo za shule 20, na RAMAC ya 1956 ingebeba za shule 71. Flashi ya gigabaiti 32 yabeba sawa na RAMAC 6,400. Kwa hiyo anayenunua diski kubwa kwa ajili ya alama tu amelipia ghala la kuwekea kibaba cha mchele. Picha na video ndizo zinazokula nafasi.

(b) Kitahitajika mara ngapi, na kwa haraka gani? Programu zinazotumika kila siku zataka SSD. Mkusanyiko mkubwa wa video za masomo waweza kukaa katika diski ngumu ya kawaida, ambayo kwa gigabaiti moja huwa rahisi zaidi.

(c) Kitabebwa au kitakaa? Kinachosafiri kwa basi na pikipiki kisiwe na sahani zinazozunguka. Lakini kinachobebeka hupotea pia, na huibiwa.

(d) Kitunzwe kwa muda gani? Flashi ni chombo cha kusafirishia, si kabati la miaka. Barua ya leo yaweza kupandishwa juu yake. Rekodi ya mtoto ya miaka 7 isiachwe humo peke yake.

(e) Kikipotea, nani ataumia? Hili ndilo swali ambalo hatukujiuliza mwaka 2013. Tulipima nafasi, tukapima bei, tukapima wepesi. Mtoto hatukumpima.

Swali la mwisho huleta kanuni ambayo watunzaji wa data huifuata: nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe nje ya jengo. Kwa shule isiyo na fedha nyingi kanuni hii si mzigo. Nakala moja ibaki katika kompyuta ya ofisi, ya pili katika flashi iliyofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na ya tatu katika wingu pale intaneti inapopatikana, ikilindwa kwa nywila, kwani alama za watoto ni siri yao. Isipopatikana, karatasi iliyochapwa na kutunzwa mahali pengine yatosha kwa kazi hiyo. Kisha, kila mwisho wa muhula, nakala zifunguliwe na kusomwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Kitabu cha mwaka 1086

Hatutaki msomaji adhani kwamba uzembe huu ni wa shule ndogo tu. Mwaka 1086 mfalme William wa Uingereza aliandikisha ardhi na mali za nchi yake katika kitabu kiitwacho Domesday. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, shirika la BBC liliongoza kazi ya kuandika Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule, wakieleza maisha ya vijiji na mitaa yao. Kazi yao ikawekwa katika diski kubwa za leza, zilizosomwa na mashine maalumu.

Mashine zile hazikuenea, kisha zikaacha kutengenezwa. Kufikia mwaka 2002, miaka 16 tu baadaye, palikuwa na hofu kwamba kazi ya watoto wale haitasomeka tena, na watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kuunda programu ya kuiga kompyuta ya zamani ili kuiokoa. Wakati huo wote kitabu cha 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kiliendelea kusomeka.

Fundisho lake si kwamba ngozi ni bora kuliko diski. Ni kwamba diski kuwa nzima hakutoshi. Lazima pawepo na chombo cha kuisomea. Anayetunza data hana budi kuihamisha kila baada ya miaka michache, kabla chombo cha zamani hakijatoweka madukani.

Neno la mwisho kwa mwalimu mtarajiwa

Yule mwalimu mzee alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kuagana alitukabidhi lile daftari la Hisabati. Hatukulitupa. Tunalo hadi leo, nalo ni zana yetu ya kwanza ya somo hili. Tunaliweka mezani pamoja na flashi ile ya shingoni, na kuwauliza wanafunzi: kati ya hivi viwili, kipi ni hifadhi bora? Wote huonyesha flashi. Ndipo tunapowasimulia habari za binti wa darasa la tano, na kuwauliza tena.

Jibu wanalolifikia, baada ya majadiliano marefu, ni kwamba hakuna kilicho bora peke yake. Flashi ingekuwa nzuri kama daftari lingekuwapo, na daftari lingekuwa zuri zaidi kama lingekuwa na masomo yote. Sisi hatuna la kuongeza.

Zoezi

1. Andika orodha ya kila rekodi ya wanafunzi uliyonayo katika simu au flashi yako wakati wa mafunzo ya vitendo. Kando ya kila moja andika idadi ya nakala zake. Penye 1, rekebisha leo kabla hujalala.

2. Andaa somo la dakika 40 ukitumia mchezo wa foleni, duara na madawati. Eleza utafanya nini ikiwa darasa lina wanafunzi 90 na nafasi ni finyu.

3. Shule ina fedha za kununua kifaa kimoja tu cha hifadhi. Mwalimu wa michezo ataka kutunza video za mashindano, na mwalimu wa taaluma ataka kutunza alama. Kwa kutumia maswali matano, jadilianeni kifaa gani kinunuliwe, nani apewe, na yule mwingine atafanyaje bila fedha.